Programu Ileile, Mwaka Wowote, Kompyuta Yoyote

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu, watafiti, na ninyi vijana mliotoka Masasi, Newala, Lindi mjini na hapahapa Mtwara, karibuni, na asanteni kwa kutupa Jumamosi yenu.

Nimeombwa nizungumze juu ya kusakinisha programu. Wapo waliosikia mada hii wakaona ni jambo la fundi: unabofya, unasubiri, umemaliza. Mimi naliona ni jambo la umiliki. Programu ambayo huwezi kuipata tena ileile, mwakani au kwenye kompyuta ya jirani yako, hujaimiliki, umeazimwa tu. Na sisi wa Kusini tumeazima mno.

Nianze na utafiti, kwa kuwa mji huu unajulikana kwa utafiti. Pale Naliendele kazi ya zao la korosho imefanyika miaka mingi, na mkulima anayepuliza salfa kuzuia ubwiriunga anafuata maarifa yaliyotokana na majaribio ya shambani. Sasa tuseme mtafiti mwaka 2018 alikuwa na mikorosho 200 na akataka kuchagua 100 ya kupuliziwa, mingine iachwe ili alinganishe. Uchaguzi wa namna hiyo lazima uwe wa bahati nasibu, la sivyo jicho la mtu litachagua miti yenye afya. Akatumia R, programu ya takwimu inayotumiwa na watafiti dunia nzima. Akaandika set.seed na namba yake, akaandika sample, amri ya kuchagua, akapata orodha. Kazi ya set.seed ni hiyo: bahati nasibu itoke ileile kila ukiendesha faili, ili mwenzako aweze kukukagua.

Mwaka 2021 mwanafunzi wake anachukua faili lilelile, halijabadilika hata nukta, analiendesha kwenye laptopu mpya. Inatoka orodha nyingine. Mikorosho mingine kabisa.

Hakuna aliyedanganya hapo. Aprili 2019 lilitoka toleo la R 3.6.0, na ndani yake waliibadilisha njia ambayo sample inatumia kuchagua, kwa sababu njia ya zamani ilikuwa na upendeleo mdogo wa kihesabu. Waliibadilisha kwa nia njema, na waliacha namna ya kuirudisha njia ya zamani kwa anayeitaka. Lakini ili uirudishe lazima kwanza ujue kwamba kuna kilichobadilika. Mwaka uliofuata, Aprili 2020, likaja R 4.0.0, nalo likabadilisha namna R inavyosoma safu za maneno unapoingiza jedwali. Mistari mingi ya zamani iliyotegemea tabia ile ikaanza kugoma, au, vibaya zaidi, ikaendelea kwenda huku ikitoa jibu tofauti.

Na hapo nimetaja R peke yake. Chini ya R kuna maktaba za hesabu, yaani misimbo iliyokwisha kuandikwa ambayo programu huazima, chini ya maktaba kuna kompaila, programu iliyoigeuza misimbo hiyo kuwa kitu ambacho kompyuta inakiendesha, na kila tabaka lina matoleo yake. Mtafiti akiandika kwenye ripoti kwamba uchambuzi ulifanywa kwa R, amesema kidogo sana.

Tatizo hili limeanzia mbali. Katika mifumo mingi ya Linux programu zote humwaga vitu vyao sehemu moja. Maktaba fulani inakaa mahali pamoja, toleo moja. Ukiboresha programu A, inaleta toleo jipya la maktaba hiyo juu ya lile la zamani, na programu B iliyokuwa ikilitegemea lile la zamani inaanguka. Hukuigusa B, wala hukujua kama zina uhusiano. Wale mnaohudumia kompyuta za ofisi mnaijua simu ile ya Jumatatu asubuhi: “Jana ilikuwa inafanya kazi.”

Mwaka 2003 Eelco Dolstra, akiwa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, alianza kujenga kisimamizi cha vifurushi, yaani programu ya kusakinisha na kuboresha programu nyingine, kiitwacho Nix, na mwaka 2006 akakitetea katika tasnifu yake ya udaktari. Wazo lake lilitoka kwenye hesabu: ukiingiza vitu vilevile, utoke na jibu lilelile, siku zote. Kujenga programu kuwe hivyo. Viingizwa ni msimbo wa chanzo, yaani maandishi ya aliyeitunga programu, kompaila, maktaba na maelekezo ya kujengea. Kinachotoka ni programu. Mwaka 2012 Ludovic Courtès akatangaza Guix, chini ya GNU, mradi wa programu huria, ikirithi wazo hilohilo lakini maelezo ya vifurushi yakiandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Scheme. Toleo la 1.0 likatoka Mei 2019. Leo nitatumia Guix kwa mifano, kwa kuwa ndiyo tutakayoishika mchana huu, lakini anayeipenda Nix asijione mgeni. Ukoo ni mmoja.

Namna inavyofanya kazi, mtaielewa haraka kuliko watu wa miji mingine, kwa sababu mmekulia kwenye stakabadhi ghalani. Mkulima akifikisha korosho ghala kuu, gunia halipokewi kwa sura. Linapimwa, linapangiwa daraja, stakabadhi inaandikwa, na mnunuzi aliye mnadani ananunua kwa kilichoandikwa, bila kumjua mkulima. Guix nayo ina ghala, folda iitwayo /gnu/store, na kila programu iliyomo ina stakabadhi yake: mfululizo wa herufi na tarakimu 32 mwanzoni mwa jina la folda yake. Stakabadhi hiyo haiandikwi na karani. Inakokotolewa kutokana na viingizwa vyote vya programu ile, na viingizwa vya viingizwa vyake, hadi chini kabisa. Badilisha herufi moja kwenye maelekezo, badilisha toleo la kompaila, stakabadhi inakuwa nyingine na programu inakwenda kukaa folda nyingine. Haimkanyagi mwenzake. R ya zamani na R ya leo zinalala ghala moja bila ugomvi.

Ujenzi wenyewe unafanyika ndani ya chumba kilichofungwa. Programu inayojengwa haioni intaneti, haioni mafaili yako ya nyumbani, haioni chochote ambacho hakikutajwa kwenye orodha ya viingizwa. Ukisahau kutaja kitu, ujenzi unakwama palepale, na huo ndio wema wake, kwa sababu kwenye mifumo mingine kitu hicho kingepatikana kwa bahati kwenye kompyuta yako na kukosekana kwa mwenzako. Hata tarehe inadhibitiwa. Kila faili ndani ya ghala lina tarehe ya 1 Januari 1970, kwa kuwa saa ya ujenzi ni moja ya vitu vinavyofanya programu mbili zilizojengwa kutoka msimbo uleule zitofautiane.

Kuna jambo moja hapa ambalo wa mijini mikubwa hulipita haraka, na mimi naomba tukae nalo. Umeme. Unaboresha programu, umefika katikati, umeme unakatika. Kwenye mifumo ya kawaida unaweza kuwasha kompyuta ukakuta nusu ya vitu ni vipya na nusu ni vya zamani, na hapo ndipo siku nzima inapotea. Guix kwanza inajenga au kupakua kila kitu pembeni, ghalani, bila kugusa unachokitumia. Vikishakamilika vyote ndipo inageuza kiungo kimoja kinachoonyesha wasifu wako, yaani mkusanyo wa programu unazozitumia, ni upi. Umeme ukikatika kabla ya kugeuza, bado una mfumo wako wa zamani, mzima. Ukikatika baada ya kugeuza, una mpya, mzima. Wa nusunusu haupo.

Kila mgeuzo huo unaitwa kizazi, na vizazi vya nyuma vinabaki. Umesakinisha toleo jipya, halikupendezi? Amri ya guix package --roll-back inakurudisha kizazi kilichopita kwa sekunde chache, bila kupakua kitu, kwa kuwa hakuna kilichofutwa.

Sasa nije kwenye kurekebisha programu ziendane na mahitaji yetu, jambo lililonileta hapa hasa.

Tuseme chama cha msingi kinatumia programu huria ya hesabu, na taarifa yake inachapisha uzito kwa ratili wakati sisi tunapima kwa kilo. Kijana hodari anapakua msimbo, anaurekebisha, anaujenga kwenye kompyuta ya chama. Inafanya kazi, watu wanafurahi. Mwaka unaofuata kijana amepata ajira Dodoma, na kompyuta imeharibika. Katika chama kizima hakuna anayejua alibadilisha mistari ipi, alitumia toleo gani, aliongeza maktaba zipi. Hodari kaondoka na uhodari wake.

Kwa Guix rekebisho lile linaandikwa kama kiraka, faili dogo linaloonyesha mistari iliyotoka na iliyoingia. Kisha unaiambia guix install, kwa chaguo la --with-patch, kwamba kifurushi hiki kijengwe na kiraka hiki juu yake. Unataka msimbo wako mwenyewe badala ya ule wa awali? Kuna --with-source. Unataka programu hii itumie maktaba nyingine badala ya ile ya kawaida? Kuna --with-input, na kila kilicho katikati kinajengwa upya kulingana na badiliko hilo. Chaguo hizo zinakumbukwa. Siku ukiboresha programu, Guix inajaribu kukitia kiraka chako kwenye toleo jipya. Kikikataa kukaa, ujenzi unasimama na kukuambia, na wewe unaendelea na programu uliyokuwa nayo hadi ukirekebishe.

Rekebisho likiwa kubwa, unaliandika kama kifurushi kamili. Lakini huanzi sifuri. Katika Scheme unaandika kwamba kifurushi chako kinarithi kile cha awali kwa neno inherit, kisha unataja yale tu uliyoyabadilisha: jina, kiraka, pengine kiingizwa kimoja. Mistari kumi hivi. Anayeisoma miaka mitano baadaye anaona wazi programu ya Kusini imetofautianaje na ile ya dunia.

Mistari hiyo ikikusanywa kwenye hazina moja ya git, chombo kinachotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, inakuwa chaneli, na kompyuta yoyote ya Guix inaweza kuiongeza chaneli hiyo pamoja na ile kuu. Kila badiliko linatiwa saini ya kidijitali na aliyeidhinishwa, na guix pull, amri ya kuleta mabadiliko mapya, inakagua saini kabla ya kukubali. Ninachokiona, na ninakiomba kwenu kwa moyo wote, ni chaneli ya Mtwara na Lindi: programu za vyama, za zahanati, za watafiti, za shule, zikiwa na marekebisho tuliyoyafanya sisi, zikijengeka zilezile Tandahimba na Nachingwea. Kijana akihamia Dodoma, aende salama. Kazi yake imebaki.

Mzee mmoja kabla hatujaanza aliniuliza juu ya bando. Ni swali la haki, na nitalijibu bila kupamba. Guix inakula. Mara ya kwanza utapakua mamia ya megabaiti, na ghala likikomaa linaweza kumeza gigabaiti nyingi za diski kwa kuwa matoleo ya zamani hayafutwi mpaka useme. Ukisema, guix gc inafagia kila kisichotumika. Na si lazima ujenge kila kitu mwenyewe: kuna seva zinazotoa programu zilizokwisha kujengwa, na kompyuta yako inapakua tu kama stakabadhi inalingana na ile ambayo ingeipata kwa kujenga yenyewe.

Na hapo ndipo umbali wetu unapopata dawa. Kompyuta yoyote yenye Guix inaweza kuwa seva ya wenzake kwa amri ya guix publish. Kompyuta moja hapa chuoni inapakua mara moja. Nyingine zote zinachota kwake kupitia mtandao wa ndani, bila senti ya bando. Kumbukeni Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi ule kimbunga Hidaya na mafuriko yake yakakata barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja kwetu, maeneo ya Somanga. Tarehe 12 ya mwezi uleule nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi kwa intaneti. Barabara na waya, mwezi mmoja. Seva ya ndani haiwezi kuleta dizeli, lakini ingewaacha vijana wetu wakiendelea kusakinisha na kujenga kwa vitu vilivyokwisha kuingia ghalani.

Kuhusu usalama nitasema machache, ila muyashike. Ken Thompson, katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, iliyochapishwa mwaka 1984, alionyesha kwamba kompaila iliyotiwa sumu inaweza kupenyeza mlango wa siri kwenye programu hata kama msimbo wa programu hiyo ni safi, na ikajitia sumu yenyewe kila inapojengwa upya. Msimbo unausoma, huoni kitu. Kinga yake ni kujua kila kitu kimejengwa na nini, hadi mwanzo kabisa. Aprili 2023 watu wa Guix walitangaza kwamba wamefika karibu na mwanzo huo: ukiacha Guile, programu ya lugha ya Scheme inayoendesha ujenzi, vifurushi karibu vyote vinaanzia kwenye programu ya baiti 357. Baiti 357 mtu anaweza kuzisoma moja moja kwa macho yake.

Lakini nisiwapumbaze. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye seva kwa ssh, njia ya kuifikia kompyuta ya mbali, kunachelewa takriban nusu sekunde, akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, maktaba ya kubana mafaili. Sumu ile iliwekwa kwenye furushi la msimbo lililotolewa rasmi, na sehemu yake iliyoiamsha haikuwemo kwenye hazina ya git. Kujenga upya kwa uaminifu kungekupa sumu ileile kwa uaminifu uleule. Kinachobadilika ni kwamba viingizwa vyote vimeandikwa, kwa hiyo siku habari ikitoka unajua ndani ya dakika chache ni kompyuta zako zipi zina toleo lile, na unarudi nyuma jioni ileile. Jicho la mtu kama Freund bado linahitajika. Natamani siku moja jicho hilo liwe la kijana wa Mtwara.

Nirudi kwa mtafiti. Leo angefanya hivi. Anaandika faili moja linalotaja programu anazozihitaji: R, na maktaba zake za michoro na jedwali. Anaandika la pili kwa guix describe, linalotaja ni hali ipi hasa ya chaneli aliyoitumia. Mafaili mawili mafupi, yanakaa pamoja na takwimu zake. Mwanafunzi wake, mwaka wowote, anayachukua na kuandika guix time-machine, na mashine inamjengea mazingira yaleyale, kompaila kwa kompaila. Msimbo wa zamani ukiwa umetoweka kwenye tovuti ulikotoka, Guix inakwenda kuutafuta kwenye Software Heritage, hifadhi iliyozinduliwa na Inria, taasisi ya utafiti wa kompyuta ya Ufaransa, mwaka 2016 ili kutunza msimbo wa programu za dunia.

Mpaka wake mmoja: time-machine hairudi nyuma ya toleo la 1.0, yaani Mei 2019. Yule wa mwaka 2018 haitamwokoa. Kwa hiyo wenye majaribio shambani msimu huu, msingoje ripoti ya mwisho ndipo mtafute matoleo mliyotumia. Andikeni mafaili hayo mawili siku mnayoanza.

Mambo ya vitendo sasa, kisha tugawanyike. Msifute mfumo mlio nao. Guix inaweza kukaa juu ya mifumo ya Linux kama Ubuntu au Debian bila kugombana nayo, na hivyo ndivyo ninavyowashauri kuanza. Mfumo kamili wa Guix unakubali programu huria tu, na kadi nyingi za wi-fi kwenye laptopu zetu zinadai vipande visivyo huria, kwa hiyo unaweza kujikuta huna mtandao. Wenye Windows 10 au 11, tutaiweka ndani ya mfumo mdogo wa Linux unaokuja na Windows yenyewe. Kwa Windows tupu haiendi.

Scheme ina mabano mengi. Msiogope, kihariri kizuri kinayafunga chenyewe, na leo hatutaandika zaidi ya mistari kumi na tano.

Seva ya ndani iko kwenye meza ile ya dirishani, imekwisha kupakua R na vyote tutakavyovihitaji, kwa hiyo zimeni data za simu zenu. Wenye chini ya gigabaiti 20 za nafasi kwenye diski wakae wawili wawili na mwenye nafasi. Watafiti mliokuja na takwimu zenu njooni upande wangu. Tutaanza na faili la kwanza, lile la kutaja programu. Vijana wa kiraka cha kilo na ratili, mwalimu wenu anawasubiri chumba cha pili, na msimbo ameshauweka kwenye flashi.